Nywele za singa, hina ya miaka mingi, na pemu kabla ya harusi

"Shikamoo mama. Nina miaka 26, naishi Tanga. Nywele zangu ni za singa, nyembamba, zinafika kiunoni, hata kibanio hakikai. Tangu mdogo natiwa hina, na miaka miwili iliyopita nilitumia hina nyeusi ya pakiti mara tatu au nne. Mwaka jana nilitia blichi kidogo kwenye ncha. Binamu yangu amerudi kutoka Muscat na mawimbi mazuri sana, asubuhi anatikisa kichwa tu basi. Harusi ya dada yangu ni baada ya wiki nne, na mimi nataka kama zake. Saluni moja hapa imesema watanikunja kwa kalikiti kwa saa moja, zitadumu mwaka mzima bila kazi yoyote, na nikichoka zitarudi zenyewe kuwa za singa. Mama anasema nitapata upara. Kwa kawaida navaa mtandio. Nimwamini nani?"

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kilichonisimamisha si pemu yenyewe, yaani huko kukunjwa nywele kwa dawa, ni jambo ulilolipitia haraka kama halina uzito: hina nyeusi ya pakiti. Nitakueleza kwa nini. Lakini harusi iko karibu, kwa hiyo jibu nalitanguliza: kabla ya harusi usikunje. Baada ya harusi inawezekana, kwa masharti, na hata masharti yakitimia hutapata nywele za binamu yako. Utapata nywele zako wewe zilizokunjwa, na hicho ni kitu kingine.

Mama yako amekosea jambo moja, ila hofu yake ina msingi. Saluni wamekosea mambo kadhaa, na hayo nitayafuata moja moja, kwa sababu ukielewa dawa inafanya nini ndani ya unywele, hutahitaji tena kumwamini mtu kwa maneno matupu, hata mimi.

Unywele ni protini iitwayo keratini. Nje una magamba membamba yaliyolaliana kama makuti ya paa, kila moja likifunika mwanzo wa lile linalofuata kuelekea chini. Ndani ya magamba kuna kiini, chenye nyuzi ndefu zilizolala pamoja. Kinachozishika nyuzi hizo zisiteleze ni vifungo, na vifungo hivyo ni vya aina zaidi ya moja. Viko vilivyo dhaifu, vinavyoachia kila unywele ukilowa na kushikana tena ukikauka. Hivyo ndivyo unavyovichezea ukilala na rola: unaloa, unakauka ukiwa umezungushwa, unaamka una mawimbi. Kisha unatoka nje, unyevu wa Tanga unaingia, na kabla hujafika Ngamiani mawimbi yameshalala. Hukukosea kuzifunga rola. Kilichovifunga vifungo ni maji kukauka, na maji yakirudi yanavifungua.

Aina ya pili ni vifungo vya salfa. Hivi maji hayaviwezi, wala joto la draya haliviwezi. Ndivyo vinavyoufanya unywele wako uwe wa singa na wa mwenzako uwe wa kipilipili, kwa kushirikiana na umbo la tundu ambamo unywele unatokea kwenye ngozi. Pemu inakuja kuvishughulikia hivi. Dawa ya kwanza, ambayo mara nyingi ni thaioglaikoleti iliyochanganywa na amonia, inayainua magamba, inaingia kwenye kiini na kukata sehemu ya vifungo vya salfa. Unywele unakuwa laini, unalifuata umbo la kijiti ulichozungushiwa. Kisha unasuuzwa vizuri, unakaushwa kwa taulo bila kuondoa vijiti, halafu inakuja dawa ya pili, aghalabu haidrojeni peroksaidi isiyo kali, ambayo inavifunga vile vifungo upya. Ila sasa vinafungwa pale vilipo, si pale vilipokuwa.

Hapo ndipo ilipo siri yote ya pemu, na hasara yake pia. Si vifungo vyote vinavyorudi. Hata msusi hodari, kwa dawa nzuri, anauacha unywele ukiwa dhaifu kuliko alivyoukuta. Unywele mzima wenye afya unaweza kubeba hasara hiyo. Unywele ulioliwa tayari na blichi, ambayo nayo ilipita humo humo na kuharibu baadhi ya vifungo hivyo hivyo, unafika kwenye pemu ukiwa hauna akiba.

Sasa nirudi kwa saluni. Wamekwambia zitadumu mwaka mzima, na nikisikia hivyo huwa nauliza: zipi? Zilizokunjwa zitabaki zimekunjika, hiyo ni kweli, ingawa mawimbi hulegea kadiri yanavyooshwa na kuchanwa. Lakini kichwa hakikomi kuotesha. Unywele unarefuka kiasi cha sentimita 1 kwa mwezi, wengine zaidi kidogo, na kinachotoka kwenye ngozi ni singa ile ile uliyozaliwa nayo, kwa sababu dawa haikugusa mzizi. Baada ya miezi sita una sentimita 6 au 7 za nywele zilizolala bapa juu ya utosi, na chini yake mawimbi yanaanza. Kwa mwenye nywele fupi mpaka huo unaonekana mapema. Kwa wengi pemu inapendeza miezi mitatu hadi sita, halafu inakuwa kazi ya kuusitiri ule mpaka.

Kwamba zitarudi zenyewe kuwa za singa, hapana. Huu ndio uongo unaoniuma zaidi, maana unamfanya mtu aone pemu ni kama nguo, ukichoka unaivua. Mawimbi yatalegea, yatakuwa si mawimbi wala si singa, lakini unywele ule hautarudi ulivyokuwa. Njia ya kuuondoa ni kusubiri ukue na kuukata. Wewe una nywele za kiunoni. Piga hesabu mwenyewe: kwa mwendo wa sentimita 1 kwa mwezi au zaidi kidogo, ncha zako zina umri wa miaka mitano, huenda sita. Ukijuta, njia ya kurudi ulipo sasa ina urefu huo.

Kuhusu saa moja. Kuosha, kukausha nusu, kugawa kichwa, kuzungusha vijiti hamsini, sitini au zaidi kwenye nywele za urefu wako, dawa ya kwanza, kuangalia kila baada ya dakika chache, kusuuza, kukausha kwa taulo, dawa ya pili, kuvitoa vijiti, kusuuza tena. Anayeyafanya hayo kwa saa moja kuna hatua ameiruka. Kwa uzoefu wangu inayorukwa ni ile ya kusuuza na kukausha kabla ya dawa ya pili, kwa sababu mteja haioni. Ni kosa kubwa. Dawa ya kwanza ikibaki ndani inaendelea kukata wakati ya pili inajaribu kufunga.

Na kalikiti? Mimi nilijifunza kazi hii enzi za kalikiti, sina neno baya nalo. Jina lenyewe limetokana na Curly Kit, boksi la mfanyabiashara Comer Cottrell wa Marekani, lililomwezesha mtu wa kawaida kufanya nyumbani kwake kilichokuwa kikifanywa saluni kwa bei ya juu. Lakini lilitengenezwa kwa nywele za kipilipili. Kwanza linakuja krimu zito la kuzilegeza nywele zilizojikunja sana, kisha dawa nyepesi zaidi ya kuzizungushia kwenye rola kubwa, kisha ya kufungia. Wewe huna cha kulegeza. Ukipakwa krimu lile kwenye singa nyembamba umekatiwa vifungo bure, na bado hujazungushwa hata kijiti kimoja. Ukoo wa dawa ni mmoja, thaioglaikoleti, ila nguvu na mpangilio ni tofauti. Kwa nywele zako inatakiwa pemu iliyoandikwa kwenye boksi kuwa ni ya nywele laini au zilizowahi kupakwa rangi.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao nauona hata kwa wasusi, acha niuseme hapa hapa. Dawa ya kunyoosha, ile tunayoiita dawa tu, ikiwa ni ya sodiamu haidroksaidi au ya kuchanganya na kimiminika cha pembeni, si ndugu wa pemu. Inabadilisha vifungo vya salfa moja kwa moja, na kifungo kilichobadilishwa hivyo hakifunguki tena kwa pemu. Anayepitisha moja juu ya nyingine anauvunja unywele. Wewe hukusema umewahi kutiwa dawa hiyo. Kama kuna jamaa alikupaka hata mara moja utotoni kwa kukuburudisha, sehemu hiyo huenda imeshakatwa, lakini mwambie msusi.

Mama yako. Upara maana yake mzizi umekufa au umelala. Dawa ya pemu ikikaa kwenye nywele tu haifiki kwenye mzizi, maana unywele ulio nje ya ngozi ni kitu kisicho na uhai. Kinachotokea pemu ikiharibika ni kukatika, si kunyonyoka: nywele zinavunjika sentimita mbili tatu kutoka utosini, au katikati, na mtu anajiona kama anapata upara kwa sababu kichwa kimepungua kweli. Utazitofautisha ukiziangalia. Iliyonyonyoka ina kidoto cheupe upande wa mzizi. Iliyokatika haina, tena mara nyingi ni fupi kuliko zingine. Lakini dawa ikimwagikia ngozi ikaachwa, au ikapakwa kwenye ngozi yenye kidonda, inaweza kuunguza, na kovu la kuungua linaweza kuua mzizi kabisa. Kwa hiyo mama hasemi kitu kisichowezekana. Anasema kitu kinachotokea kwa uzembe.

Wala hofu hiyo haikuanza leo. Mjerumani Karl Nessler, aliyeonyesha pemu yake hadharani London miaka ya mwanzo ya 1900, alianza kwa kuijaribu kwenye kichwa cha mkewe, Katharina Laible, na majaribio ya mwanzo yakamwachia mama wa watu nywele zilizoungua na ngozi iliyobabuka. Ilikuwa kazi ya vyuma vya moto vinavyoning'inia, mtu anakaa saa kadhaa. Pemu ya baridi, isiyohitaji mashine, ilikuja mwaka 1938 kwa Arnold Willatt, na hiyo ndiyo tunayoitumia hadi leo kwa sehemu kubwa. Siku hizi iko tena ya joto, inayotumia vijiti vya umeme vinavyopimwa nyuzi zake za joto. Ilisambaa kutoka Japani na Korea, na kama binamu yako alivyosema anaamka anatikisa kichwa tu, huenda ndiyo aliyofanyiwa, maana mawimbi yake huonekana zaidi nywele zikikauka. Ile ya baridi huonekana zaidi zikiwa mbichi. Muulize. Muulize pia urefu wa nywele zake kabla ya kukunja, na kama aliwahi kutia hina. Majibu hayo mawili yatakueleza zaidi ya picha zake zote.

Tufike kwenye hina sasa.

Hina safi, ya majani yaliyosagwa, si adui. Rangi yake inashikamana na keratini yenyewe, unywele unanenepa kidogo na kung'aa. Ila inauvika unywele joho. Dawa ya pemu inapita kwa shida, tena kwa shida isiyo sawa: juu ulikotia mara moja inaingia, chini ulikorudia miaka yote inagoma. Matokeo ni mawimbi juu na singa chini. Hilo ni la kusikitisha lakini si la hatari.

Hina nyeusi ni jambo lingine. Mmea wa mhina hautoi rangi nyeusi. Pakiti ikikwambia ni hina na kichwa kinatoka cheusi ti, kuna kilichoongezwa. Mara nyingi ni kile kitu kilichomo kwenye piko, kemikali ya rangi inayojulikana kwa herufi PPD, ambayo huwapa baadhi ya watu mzio mkali. Lakini ziko pakiti zenye chumvi za madini, kama shaba au risasi, na hizo zinabaki kwenye unywele mpaka siku utakapoukata. Peroksaidi ya pemu ikikutana na madini hayo, unywele unaweza kupata moto hapo hapo kichwani, ukatoa harufu mbaya na kuyeyuka mkononi mwa msusi. Nimeliona hilo mara moja, miaka mingi iliyopita, mteja alisema ametia hina tu na sisi hatukuuliza ni hina gani. Tangu siku hiyo sishiki kichwa cha mtu wa pwani bila kuuliza hina, piko, na jina la pakiti.

Kuna kipimo, na nakuomba usikikwepe. Kata kishungi kidogo cha nywele, ishirini au thelathini zinatosha, kutoka mahali pa ndani kisogoni, ukihakikisha ni sehemu iliyopakwa ile hina nyeusi. Kifunge na uzi. Katika bakuli la kioo, si la chuma, msusi aweke mililita 30 za peroksaidi ya asilimia 6 na matone 20 ya amonia, akizamishe kishungi kwa nusu saa. Kifanyike dirisha likiwa wazi, na mikono iwe na glavu. Maji yakichemka au kupata joto, harufu ikabadilika, nywele zikavutika kama ubani uliotafunwa, au rangi ikachujuka ghafla, una madini na pemu haikuhusu mpaka sehemu hiyo ikatwe yote. Yakikaa kimya, na nywele zikabadilika taratibu tu, hatari hiyo imepungua sana, ingawa hapo bado hujajua kama nywele zitakunjika.

Ndiyo maana cha pili ni kukunja shungi moja tu, siku nyingine, kwa dawa ile ile na vijiti vile vile vitakavyotumika. Dawa ikishakaa, msusi anafungua kijiti mzunguko mmoja na nusu bila kuvuta, na anatazama kama unywele unajikunja kwa umbo la herufi S. Hapo anajifunza dakika ngapi zinatosha kwa kichwa chako. Na wewe unajifunza zaidi: oshea shungi hiyo nyumbani wiki nzima, iache ikutane na upepo wa bahari, uione imekuwaje. Cha tatu ni tone la dawa nyuma ya sikio, usubiri saa 48 uone kama ngozi inawasha au kuvimba. Saluni inayosema haya yote ni kupoteza muda imekufanyia hisani, maana imekuonyesha mapema usiende.

Ukiwa nyumbani unaweza kuanza na kipimo cha bure. Chukua unywele mmoja uliolowa, uvute polepole. Mzima unavutika kiasi, kama theluthi ya urefu wake, na ukiuachia unarudi. Ukikatika bila kuvutika, au ukavutika na kubaki umelegea kama uzi wa sufi, hauna nguvu ya kubeba pemu. Fanya kwa unywele wa juu, wa katikati na wa kwenye blichi. Za kwenye blichi nitashangaa zikifaulu. Ukikunja siku yoyote, hizo zikatwe kwanza.

Tuseme sasa vipimo vimetoka salama, umekata ncha, umepata msusi anayejua. Utarajie nini? Hapa wengi hulia, si kwa sababu kazi imeharibika, ila kwa sababu hawakuambiwa.

Nywele zitaonekana fupi. Singa ya kiunoni ikikunjika kwa vijiti vya wastani inapanda mpaka mgongoni, kwa vijiti vyembamba inafika mabegani. Lakini nywele ndefu nyembamba zina uzito unaovuta, kwa hiyo juu ya kichwa mawimbi yanalala na chini yanajikusanya, na hapo sura ya mtu inakuwa kama pembe tatu. Na unywele mrefu ukizungushwa kutoka ncha kwenda juu kwenye kijiti kimoja, ncha inakaa kwenye kijiti chenyewe na kukunjika sana, ilhali sehemu ya juu inakaa juu ya nywele nyingine, mbali na kijiti, na kukunjika kidogo. Kwa urefu wako ingebidi zizungushwe kwa mshazari kama mzabibu kwenye mti, au kila shungi ipewe vijiti viwili. Msusi asipoitaja njia mojawapo kati ya hizo, hajawahi kukunja nywele ndefu. Mimi ningekushauri ukate zifike chini kidogo ya mabega, zikatwe kwa ngazi, ndipo tuzungumze. Najua ni neno zito kwa aliyezitunza tangu utoto.

Mng'ao utapungua. Singa inang'aa kwa sababu mwanga unaipiga kama kioo kilicholala. Nywele zenye mawimbi zinautawanya mwanga, na magamba yaliyoinuliwa na dawa hayalali tena sawasawa kama mwanzo. Unyevu utaingia kwa urahisi zaidi, hivyo siku za masika zitafumuka. Kwa upande mwingine utapata kitu ambacho hujawahi kuwa nacho: kichwa kitajaa, kibanio kitakaa, na mafuta ya utosini hayatashuka haraka hadi kwenye ncha. Kwa mtu mwenye nywele nyembamba hiyo ni raha ya kweli, nimeona watu wakibadilika hata mwendo.

Wiki ya kwanza mawimbi yatakuwa magumu kuliko ulivyotaka. Usiogope, yatashuka baada ya kuoshwa mara mbili tatu. Ndiyo sababu nyingine ya kutokunja karibu na harusi, maana picha zitapigwa kabla nywele hazijatulia.

Siku mbili za mwanzo usioshe kwa shampuu, usifunge, usibane. Chagua basi siku ambayo hutarajii kulazimika kuoga josho la ibada. Likikufika, tumia maji matupu bila kusugua. Kama dawa ya pili ilikaa sawasawa hutaharibu kitu kikubwa. Baada ya hapo kondishena ndiyo chakula chako, na chanuo la meno mapana ndilo peke yake linalogusa nywele, tena zikiwa mbichi zenye kondishena. Ukimaliza, zifinye kwa viganja kuelekea juu, uziache zikauke. Mafuta ya nazi ni mazuri, yanaingia ndani ya unywele kuliko mafuta mengi, ila kwa singa nyembamba matone mawili kwenye ncha yanatosha, zaidi ya hapo yatayalaza mawimbi. Na usiyapake siku ya kukunjwa, yatazuia dawa. Pasi ya nywele uisahau. Kama nyumbani mna maji ya kisima yenye chumvi, suuza mwisho kwa maji ya mvua au ya kununua, kwa sababu chumvi na madini vinakausha nywele zilizokunjwa kuliko za singa.

Mtandio wako unahitaji neno lake. Ukiufunga juu ya nywele mbichi, mawimbi yatakauka yakiwa yamebanwa, na ngozi itakaa na joto na unyevu siku nzima, hapo ndipo mba na harufu vinapoanza. Zikauke kwanza. Ndani vaa kofia ya satini, siyo ya pamba inayonyonya na kukwaruza. Zikusanye juu kwa urahisi, usizivute nyuma kwa kibanio kimoja kila siku. Halafu ujiulize kwa utulivu: kama watakaoziona ni wewe na watu wa nyumbani, je, unataka kazi hii ya kila siku kwa ajili yao na kwa ajili yako? Wapo wanaojibu ndiyo kwa moyo wote, na mimi nawakunja kwa furaha. Wapo ambao wakifikiri wanagundua walitaka kupendeza siku moja.

Kwa siku hiyo moja nina njia. Usiku wa kuamkia harusi osha nywele, ziache zikauke mpaka ziwe na unyevu kidogo tu, paka losheni ya kusetia, gawa mashungi sita au manane na uzizungushe kwenye rola laini za sponji, au kwenye vitambaa vya kanga vilivyochanwa, ulale nazo. Zikauke kabisa kabla ya kufungua, hilo ndilo wengi wanalolikosea, wanafungua zikiwa na ubichi katikati. Usizichane, zitenganishe kwa vidole. Katika ukumbi wenye kipoza hewa zitakaa mpaka usiku. Kwenye uwanja wa wazi karibu na bahari utapata saa chache, kwa hiyo bana nusu juu kwa ua la asumini, zikilala bado zitapendeza. Fanya jaribio wiki moja kabla.

Kama hata hivyo umekwenda kukunja, au umekwishakunja kabla hujanisoma, kuna dalili ambazo hazingoji ushauri wa kuandikiana. Ngozi ikianza kuchoma, si kuwasha kidogo bali kuchoma, sema hapo hapo ioshwe kwa maji mengi, usivumilie kwa aibu. Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali. Uso ukivimba, macho yakafumba au pumzi ikabana, ni dharura. Malengelenge, maji maji yanayotoka kwenye ngozi, au sehemu za mviringo zisizo na nywele baada ya siku au wiki, mwone daktari wa ngozi, wala usipake kitunguu wala mafuta yoyote juu yake kwanza. Na kama nywele zako zimekuwa zikinyonyoka kwa wingi tangu kabla ya haya, kwa mfano miezi mitatu minne baada ya kujifungua au baada ya homa kali, pemu isubiri mpaka hilo litulie.

Mama mwambie nimemsikia. Na ukishafanya kile kipimo cha bakuli, niandikie ulichokiona, hasa kama maji yalipata joto, na unitajie maandishi yote yaliyo nyuma ya pakiti ya hina kama bado unayo.